Mashindano ya Maadili Yahamie Mikindani

Haya, leo sina habari za simu mpya wala programu ya kupakua. Nina ugomvi na jambo moja ambalo limenikaa kooni kwa muda, kwa hiyo vumilieni, litakuwa refu kidogo.

Vyuo vikuu vyetu siku hizi vimependa sana mashindano. Kuna ya kuandika programu usiku kucha bila kulala, kuna ya kubuni biashara, na kuna haya ninayotaka kuyasema leo: mashindano ya maadili ya biashara. Kwa ambaye hajawahi kuyaona, ni hivi. Wanafunzi watatu au wanne wanapewa kisa cha kampuni iliyofika njia panda. Labda imegundua bidhaa yake ina kasoro, labda wakala wake ametoa hongo, labda kiwanda chake kinamwaga uchafu mtoni. Timu inasoma, inatayarisha slaidi, inavaa suti (kwenye joto la Mombasa, mwezi wa Februari!), inasimama mbele ya majaji na kueleza kampuni ifanye nini. Majaji wanauliza maswali, alama zinajumlishwa, kikombe kinatolewa, picha zinapigwa, soda zinanywewa.

Wazo lenyewe halikuanzia kwetu. Chuo cha Loyola Marymount cha Los Angeles, Marekani, kimekuwa na mashindano ya kimataifa ya aina hii tangu miaka ya 1990. Timu huko hujifanya washauri wa kampuni na hutakiwa kuangalia tatizo kwa pande tatu: sheria, fedha na maadili. Wana pia kipengele kimoja ninachokipenda sana, wasilisho la sekunde 90 linalohusu maadili peke yake. Sekunde 90 tu! Kama vile umepata nafasi moja ya kusema neno kikaoni kabla wakubwa hawajainuka. Hapo mtu hana pa kujificha nyuma ya grafu.

Sasa ugomvi wangu.

Nimekaa upande wa majaji mara mbili, zote kwa sababu waandaaji walitaka "mtu wa teknolojia" mezani. Vijana wetu wanajua kuzungumza, hilo sina ubishi nalo. Wamesoma, wamejipanga, Kiingereza kimenyooka. Lakini timu karibu zote zilikuja na jibu lilelile: kampuni iombe radhi, iunde kamati, iajiri afisa wa maadili, iweke namba ya simu ya malalamiko, iwape wafanyakazi mafunzo, iripoti kwa mamlaka husika. Ukibadilisha jina la kampuni kwenye slaidi ya kwanza, zilizobaki zote zinafaa kwa kisa kingine chochote. Sisi waandika programu tuna jina la kazi ya namna hiyo: nakili, bandika.

Wala si uvivu wa wanafunzi. Kosa liko kwenye swali. Kila kisa kinamweka mwanafunzi kwenye kiti cha mkurugenzi mkuu. "Wewe ndiye bosi, utafanya nini?" Bosi! Mtu wa miaka 22 ambaye baada ya miezi sita atakuwa anatafuta kazi ya majaribio huko Nairobi au hapa bandarini, na akiipata atakaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango wa choo. Kiti hicho ndicho kitakachomletea mtihani wa kwanza wa maadili, na hakuna mashindano niliyoyaona yanayomwuliza utafanya nini ukiwa pale.

Halafu visa vyenyewe. Enron. Ford Pinto. Kiwanda cha nguo cha nchi ya mbali. Sina tatizo na visa vya wenzetu, nitavitumia hata mimi hapa chini. Lakini sisi watu wa ng'ambo, wa Likoni, Kisauni na Changamwe, tuna kisa ambacho kimefika mpaka Mahakama ya Juu na kutajwa dunia nzima, na nimekutana na wanafunzi wa biashara wa Mombasa hapa hapa ambao hawajakisikia. Ukitoka mjini unapita Kibarani, unapita Changamwe, unafika Mikindani. Kama hakuna msongamano ni nusu saa kwa matatu. Pale kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru.

Kwa kifupi (kisa si kifupi, lakini nitajaribu). Karibu mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi kikiwa kimepakana na mtaa huo, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kampuni iliitwa Metal Refinery EPZ. Betri zilivunjwa, risasi iliyomo ikayeyushwa na kuuzwa nje ya nchi. Moshi ukaenda ulikokwenda, na maji machafu nayo. Kiswahili chetu hapa kina ukali wake: madini hayo tunayaita risasi, neno lilelile la kile kinachotoka kwenye bunduki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu inaharibu ubongo ungali unakua.

Mwaka 2009 kampuni ilimwajiri Phyllis Omido, mama kijana, ashughulikie uhusiano na jamii. Kazi mojawapo ya mwanzo ilikuwa kusimamia ripoti ya athari za mazingira. Ripoti ikaonyesha hatari, naye akawashauri wakubwa wake kwamba kiwanda hakifai kuwa pale. Hawakumsikiliza; akahamishiwa kazi nyingine. Baadaye mtoto wake, aliyekuwa bado ananyonya, akaugua. Vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Omido akaacha kazi, akaanza kutafuta ushahidi: watoto wa mtaani wapimwe damu. Akaandika barua, akagonga milango ya serikali. Mwaka 2012 alikamatwa kwenye maandamano na kushtakiwa, mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2023 tuzo ya Right Livelihood.

Kesi ya wakazi, takriban watu 3,000, ilifunguliwa mwaka 2016 kupitia shirika aliloanzisha. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na mtaa usafishwe, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kuusafisha. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikatengua malipo. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Hesabu mwenyewe: kutoka ripoti ya 2009 mpaka hukumu ya mwisho ni miaka 15. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa sekondari.

Sasa chukua zile slaidi za kunakili na kubandika uzipeleke Owino Uhuru tuone. "Kampuni iajiri mtu wa kushughulikia jamii." Ilimwajiri! Ndiye huyo huyo. "Kampuni ifanye tathmini ya mazingira." Tathmini ilifanyika, na aliyeisimamia ndiye aliyehamishwa. "Iripotiwe kwa mamlaka husika." Hapa ndipo patamu. Miongoni mwa waliopatikana na hatia ya kuwajibika ni taasisi za serikali zenyewe, pamoja na NEMA, ambayo ndiyo mamlaka husika, na ile mamlaka ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje. Yaani jibu ambalo kwenye mashindano linakupa alama kumi kati ya kumi, pale Mikindani lilijaribiwa likafeli, na watu wakaendelea kuvuta moshi.

Na kuna ugumu ambao slaidi haziugusi kabisa. Baadhi ya wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wakazi wa mtaa huo huo. Kiwanda kikifungwa, mshahara unakatika. Mwanafunzi atakayesimama na kusema "fungeni" aseme pia mwenye watoto watatu na kodi ya nyumba atakula nini mwezi unaofuata, na amwambie mbele yake. Hapo ndipo maadili yanaanza kuwa kazi.

Nitawauliza tena kuhusu zile sekunde 90. Wewe ni mfanyakazi mgeni, una ripoti mkononi inayosema kiwanda kiondoke. Meneja ana meli inayosubiri mzigo. Una dakika moja na nusu. Utaanza na neno gani? Utaacha nini kwa maandishi, na nakala utaiweka wapi? Akikuhamisha kesho asubuhi, utamwona nani? Mtihani kama huo ningelipa kiingilio kwenda kuutazama.

Mtasema, ndugu wewe ni mtu wa kompyuta, mambo ya kiwanda yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu sisi nasi tuna moshi wetu, ila hauonekani.

Mnakumbuka programu za mikopo ya simu zilipofurika Kenya. Unapakua, unaombwa ruhusa kadhaa, unabonyeza kubali kubali kubali, pesa inaingia kwenye M-Pesa kabla chai haijapoa. Ukichelewa kulipa siku tatu, mama mkwe anapigiwa simu. Bosi wako anapigiwa simu. Fundi wa friji uliyemhifadhi mwaka juzi anapigiwa simu na kuambiwa wewe ni mwizi wa mkopo. Namba zao zilitoka wapi? Kwenye simu yako mwenyewe. Ndani ya kila programu ya Android kuna faili inayotaja ruhusa inazotaka, na ruhusa ya kusoma majina na namba zako ni mstari mmoja tu kwenye faili hiyo. Kabla ya Android 6.0 ya mwaka 2015, ukishakubali kuiweka programu, umekubali yote kwa mkupuo.

Mstari huo haukujiandika. Uliandikwa na mtu, na naweza kukisia ni mtu wa umri wangu, mwenye shahada kama yangu, pengine aliyewahi kushinda kikombe chuoni. Akaandika na mistari mingine ya kukusanya orodha na kuituma kwenye seva. Mwingine akatengeneza ukurasa ambao mpiga simu anauona: jina la mdaiwa, na chini yake watu wake kumi wa karibu. Hakuna hata mmoja wao aliyekaa kwenye kiti cha mkurugenzi. Walipewa kazi Jumatatu, wakaimaliza Alhamisi.

Sheria ilikuja nyuma, kama kawaida yake. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba 2019. Mwaka 2022 zikaja kanuni za Benki Kuu kwa wakopeshaji wa kidijitali, zikakataza kutumia orodha ya namba za mteja kumwaibisha. Mwaka 2023 Google nayo ikazizuia programu za mikopo kusoma namba na picha za mtumiaji. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu waliozipata kwa wengine. Vizuri. Lakini faini inalipwa na kampuni, na aliyeandika ule mstari huenda sasa anaandika mwingine mahali pengine, na hakuna aliyewahi kumwuliza chochote.

Ila si kila mahali. Volkswagen, mwaka 2015, walikamatwa na programu ndani ya magari yao ya dizeli iliyotambua gari linapopimwa moshi. Wakati wa kipimo gari linakuwa safi. Likirudi barabarani linatoa uchafu wake. Magari kama milioni 11 duniani. Mmoja wa walioingia jela ni mhandisi, James Liang, aliyehukumiwa miezi 40 huko Detroit mwezi Agosti 2017. Hakuwa mwenyekiti wa kampuni. Alikuwa miongoni mwa waliotakiwa kutengeneza injini itakayofaulu kipimo, ikashindikana kwa njia ya halali, wakatafuta ya mkato. Visa vya Volkswagen vinapendwa sana kwenye mashindano, na bado swali huwa "bodi ingefanya nini?" Mimi ningeuliza: Liang angefanya nini, siku ile ya kwanza?

Kuna watakaonijibu kwamba mashindano haya ni ya kuwafundisha vijana kufikiri na kusimama mbele ya watu, na kwamba ninawabebesha mzigo usio wao. Sehemu ya kwanza naikubali. Kijana aliyesoma Sheria ya Kulinda Data kwa sababu ya mashindano ameshanizidi mimi nilipokuwa mwaka wa tatu. Lakini kama lengo ni kusema vizuri, tuyaite mashindano ya kusema vizuri. Neno maadili likikaa kwenye bango, mtu ana haki ya kuuliza yako wapi.

Jingine ni la wadhamini. Sijawahi kuona kisa kinachomhusu mdhamini mwenye bango ukutani. Benki ikidhamini, kisa kitakuwa cha kiwanda. Kiwanda kikidhamini, kisa kitakuwa cha benki. He he. Naelewa, mwenye pesa ya ukumbi na chakula hawezi kualikwa aje atukanwe. Lakini wanafunzi si wajinga, wanaliona hilo, na somo wanalolishika ni kwamba maadili ni jambo la kuzungumzia makosa ya jirani.

Ningeyapanga vipi mimi? Kwanza ningeyatoa kwenye hoteli. Ukumbi wa kanisa, wa shule au wa chifu pale Mikindani unatosha, viti vya plastiki vipo. Kisa kiwe nyaraka zenyewe, hukumu na ushahidi uliotolewa mahakamani, badala ya kurasa mbili zilizofupishwa mpaka jibu linachungulia. Kiti kiwe cha mfanyakazi mdogo. Na mezani, pamoja na wakili na mhadhiri, akae mkazi wa Owino Uhuru, na swali lake lihesabiwe alama sawa na la profesa. Zungumzeni Kiswahili, ili naye ajue mnasema nini. Nina hakika nusu ya misamiati ya slaidi itayeyuka hapo hapo, maana jaribu kutafsiri "kuhusisha wadau" kwa mama ambaye mwanawe amepimwa damu.

Kwa wale wa kompyuta ningeweka kisa cha kuandika kabisa. Mnapewa kazi kama inavyokuja ofisini: sentensi mbili, "ongeza uwezo wa kusoma namba za simu za mteja, mwisho Ijumaa". Hakuna neno maadili popote. Tuone nani atauliza namba hizo ni za nini. Tuone nani atapendekeza njia nyingine ya kujua kama mteja analipika bila kugusa shajara yake. Tuone nani ataandika tu na kwenda nyumbani, na huyo asizomewe. Aulizwe kwa upole nini kingemsaidia kukataa. Pengine ni mwenzake mmoja wa kumwunga mkono. Pengine ni akiba ya miezi mitatu. Hilo la akiba nalisema kwa uzito, kwa sababu kijana anayetuma nusu ya mshahara nyumbani Kisauni hana uhuru sawa na yule ambaye babake ana nyumba za kupanga Nyali, na somo la maadili lisilotaja pesa ni hadithi ya paukwa pakawa.

Na tukimaliza Owino Uhuru visa havijaisha. Likoni wana feri ya Mtongwe, iliyozama tarehe 29 Aprili 1994 na watu zaidi ya 270 wakafa. Ilibeba watu wengi kuliko ilivyoruhusiwa. Pale langoni alikuwepo mtu wa kufunga geti. Sitaki kumhukumu mtu aliyekuwa na umati wa watu waliochelewa kazini ukimsukuma mgongoni. Nataka wanafunzi wakae kwenye nafasi yake kwa saa moja, na baadaye watuchoree mtambo wa kuhesabu watu ambao meneja hawezi kuuzima kwa simu. Hiyo ni kazi ya uhandisi na ya biashara na ya maadili kwa pamoja, na vifaa vyake si ghali.

Kama kuna chama cha wanafunzi kinachotaka kujaribu, hukumu za Owino Uhuru, ile ya Julai 2020 na ile ya Desemba 2024, zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Ni ndefu na Kiingereza chake ni cha mawakili, kwa hiyo anzeni mapema, msisubiri wiki ya mwisho. Mkipata ukumbi, projekta nitaleta mimi, na waya wa kurefusha pia, maana najua soketi za kumbi zetu.